Mgeni wa Siku ya Tatu

Aliyemfinya Mwalimu Hamdu ni mimi, na nilimfinya kwa kucha. Ni mwana wa dada yangu, nimemlea mwenyewe, kwa hiyo mkono wangu una haki juu ya ngozi yake. Alikuwa amekwisha kuinua kidole na mdomo umefunguka. Nikamtafuta chini ya meza, nikambana pale pale juu ya kiwiko nilipokuwa nikimbana zamani akisinzia madrasani, na mdomo ukafungika.

Mbele yetu, ukutani, mwanga wa projekta ulikuwa umeandika swali la hesabu la gredi ya tatu. Gari liliondoka Faza saa mbili asubuhi, likafika Lamu mjini saa nne. Je, lilitumia muda gani njiani? Bi Jeruto, aliyekuja kutufundisha, alilisoma kwa sauti yake ya taratibu, akatuambia kwamba akili unde imelitunga kwa kufumba na kufumbua. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Mnalionaje, walimu?"

Faza iko kisiwa cha Pate. Lamu mjini iko kisiwa kingine. Katikati ni bahari, na sijapata kusikia gari lililoivuka. Kila mwalimu aliyekuwa katika darasa lile amewahi kutapikia maji hayo. Lakini Bwana Fawaz, mwalimu mkuu wetu, aliinamisha kichwa akasema, "Zuri, mashaallah," na sisi sote tukaitikia, "Zuri sana."

Asiyetujua atadhani tulikuwa tumelala. Hatukulala. Kwetu mgeni hakosolewi mbele ya watu. Mgeni akisema jua linachomoza Lamu na kuzama Kiunga, unamwambia mashaallah na kumwongeza kahawa. Ukweli utamfikia baadaye, kwa njia nyingine, bila kumtia haya. Mama zetu walitulea hivyo, nasi tumewalea wanetu hivyo. Na Bi Jeruto alikuwa mgeni wa kupendeza. Alikuwa msichana wa bara, kutoka kule juu kwenye mashamba ya chai. Alikuja kwa boti ameshikilia ukingo kwa mikono miwili, akashuka gatini amepauka, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaamkia watu wote, hata wapagazi. Kabla ya kuingia chumba cha walimu aliuliza kama avue viatu. Utamtiaje haya mtu kama huyo?

Alikuwa ametumwa na mradi uliokuwa ukiwaandaa walimu watumie akili unde vizuri shuleni. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, na alikuja na masanduku mawili ya vishikwambi. Maneno yalikuwa wazi tangu mwanzo. Kituo ambacho walimu wake wataonyesha kwamba wako tayari kingeachiwa vile vishikwambi. Kisichokuwa tayari kingengoja awamu nyingine, mwakani au mwaka wowote utakaompendeza Mungu na wakubwa.

Wenzangu walivitaka kwa sababu zao. Mimi nilivitaka kwa ajili ya mtoto mmoja.

Israa yuko darasani kwangu, gredi ya sita. Macho yake yamekuwa yakififia tangu utotoni. Madaktari wa Mombasa walimpa miwani minene, ikasaidia kidogo, kisha haikusaidia tena. Anaona mwanga, anaona umbo la mtu mlangoni, anaona rangi ikiwa kali. Herufi haoni. Nimekuwa nikimsomea mwenyewe baada ya masomo, lakini darasa ni kubwa na koo langu ni moja. Mwanzoni mwa muhula baba yake, Bwana Dawud, mwenye duka pale njia ya gatini, alikuja kuniona.

"Bi Zamzam," aliniambia, "mwanangu yuwaenda shule kusikiza wana wa watu wakisoma. Kusikiza aweza kusikiza nyumbani. Muhula huu ukiisha n'tampeleka kwa nyanya yake, ajifunze kusuka mikeka."

Alisema bila hasira, akimpenda mwanawe waziwazi, ndiyo sababu nilikosa mahali pa kuweka hasira zangu. Ningegombana naye ningepata nafuu.

Basi siku ya kwanza ya mafunzo, wakati wa mapumziko, nilichukua kishikwambi kimoja nikamwita Israa barazani. Nilifungua kitabu cha sayansi, nikakishika kile kidude juu ya ukurasa kama Bi Jeruto alivyotuonyesha, nikabonyeza. Kikasoma. Kilisoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke asiye wa kwetu wala wa kwa mtu yeyote, ukurasa mzima pamoja na maelezo ya picha. Israa alikuwa ameinamisha kichwa, hata kupumua ni kwa hesabu.

"Mwalimu, yaweza kurudia?"

"Yaweza."

Ikarudia.

"Haichoki?"

"Haichoki."

Alifikiri kidogo. "Wewe huchoka," akasema, si kwa kulaumu, alikuwa akieleza tu.

Niligeuka nikajidai natafuta chaki. Nilikuwa na furaha na huzuni pamoja, na nikajiapiza kwamba vishikwambi vile havitoki Faza. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kumnyamazisha Hamdu. Moja ni adabu. Ya pili ni kwamba nilitaka mgeni wetu aondoke ameridhika.

Siku ya pili mambo yalizidi. Bi Jeruto alituonyesha mpango wa somo la kuwapeleka watoto ufuoni wakatazame kaa na konokono. Mashine ilishauri waende tarehe saba ya mwezi mwandamo, asubuhi jua likishapanda, eti kwa sababu siku hiyo maji hutoka mbali sana. Tarehe saba ni maji mafu, yasiyotoka mbali, na asubuhi hiyo yanakuwa yamepanda, wala hayana nia ya kwenda popote. Watoto wangewatazama kaa kwa vidole vya miguu. Tukasema zuri. Likaja somo la kupanda mikoko, na miche ikapandwa juu ya kilima, mahali pasipofika maji. Tukasema zuri sana. Bwana Fawaz akaongeza, "Tumefaidika." Hamdu alijitingisha kitini, nikamtazama tu, akatulia.

Barazani, tukinywa chai, ilikuwa kichekesho. Hamdu aliuliza nauli ya lile gari ni kiasi gani na kama kondakta hupewa boya. Bi Hindu wa gredi ya kwanza, mwanamke mkimya ambaye hucheka bila sauti, alimwaga chai yake. Bi Jeruto alipotokea mlangoni tulinyamaza kama maji mtungini, tukampisha kiti kizuri.

Alasiri aliniita mimi na Bwana Fawaz, kwa kuwa mimi ndiye naibu wake. Alikaa mikono mapajani.

"Mmenikirimu kuliko nilivyokirimiwa popote," akasema. "Ndiyo maana nataka kuwaambia mwenyewe kabla ya kutuma ripoti. Sitaweza kuviacha vishikwambi hapa."

Bwana Fawaz aliweka kikombe chini.

"Makosa yale niliyaweka mimi," akaendelea. "Gari, maji, mikoko. Huo ndio mtihani. Tunataka kuona kama mwalimu ataisimamisha mashine inapokosea. Vituo vingine walinikatiza kabla sijamaliza kusoma. Nyinyi mmeniambia zuri sana."

Nilipandwa na mori. "Bi Jeruto, wadhani kuna mtu Faza asiyejua kwamba hapana gari la kwenda Lamu?"

"Basi mbona hamkusema?"

"Kwa sababu u mgeni!"

Alinitazama, na niliona kwamba anasikitika kweli, jambo ambalo lilinikera zaidi. "Nataka kuwaamini, Mwalimu. Lakini nimeshawapa jibu, sasa nitajuaje? Na tuseme mlijua. Mashine nayo ni mgeni. Imekuja na mimi, kwa boti ile ile. Je, nayo mtainyamazia mbele ya watoto?"

Nilitoka bila kuaga.

Njia nzima nilikuwa nikigomba peke yangu. Kwanza nilimgombeza Bi Jeruto. Mtu gani anayekula biriani yako huku anakutega? Kisha nikaligombeza lile gari. Nilipofika karibu na duka la Bwana Dawud nilikuwa nimebaki kuigombeza kucha yangu mwenyewe, maana Hamdu angesema siku ya kwanza, naye alijua, na mimi ndiye niliyemziba.

"Habari za mafunzo, Bi Zamzam?" akauliza Bwana Dawud kutoka nyuma ya mizani.

"Alhamdulillahi," nikajibu, neno ambalo halidanganyi wala halisemi kitu.

Israa alikuwa amekaa kizingitini. Alinijua kwa sauti ya makubadhi yangu. "Mwalimu, kesho itasoma tena?"

Nilimwambia itasoma. Nilipofika nyumbani nilishindwa hata kuvua buibui, nikakaa jikoni kama nilivyo. Na hapo jikoni ndipo lilipokuja lile neno la mama yangu, Mungu amrehemu, ambalo sote hulisema kwa kucheka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hulisema kwa kucheka, lakini lina sheria ndani yake. Mtu akishapewa jembe si mgeni tena, ni wa nyumbani, na wa nyumbani huambiwa kwamba analima vibaya. Nikampigia Hamdu simu, nikamwambia kesho alete nazi.

Siku ya tatu Bi Jeruto alipofika, alinikuta barazani nimepanga kila kitu: nazi, sinia na mbuzi ya kukunia.

"Karibu, Bi Jeruto. Leo hatuanzii darasani. Ndoo huku, keti hapa, chakula cha mchana kinakungoja wewe."

"Bi Zamzam!" Bwana Fawaz alishtuka. "Mgeni huyo!"

"Mgeni ni juzi na jana, Bwana Fawaz. Leo ni siku ya tatu."

Alinitazama, akamtazama Bi Jeruto, na maana ikamwingia polepole. Akakunja mikono ya kanzu, akachukua panga, akaanza kuvunja nazi yeye mwenyewe.

Bi Jeruto hakuwahi kuikalia mbuzi maishani mwake. Alikaa akayumba, akashika kifuu kama anayeshika usukani, akakuna mahali pamoja kwa nguvu zote. Sinia likaanza kupokea vipande vikubwa. Walimu walisimama wakimtazama, mila ingali imetushika. Nikaona kama si mimi hapana mwingine.

"La! Mwanangu, hiyo si nazi iliyokunwa, hivyo ni vigae. Zungusha."

Akazungusha.

"Anzia ukingoni," akasema Bwana Fawaz.

"Usifike kifuuni, tui litakuwa jeusi," akasema mwingine.

"Mkono ulegee. Legeza!"

Ikawa kila mtu ana neno, na yeye akicheka, jasho likimtoka, nywele zimejaa nazi. Hapo Hamdu, Mungu amweke, akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Na lile gari lako, Bi Jeruto, lilipofika pale majini, lilipiga honi?"

Kicheko kilichokuwa kimefungiwa siku mbili kikatoka chote. Na nyuma ya kicheko yakatoka maneno. Wakamwambia habari za tarehe saba na maji mafu, wakamwambia mikoko isiyofikiwa na maji hufa. Alisikiliza kwa adabu, lakini nilimwona usoni. Alikuwa akisikiliza majibu aliyoyatoa mwenyewe jana yake.

Ndipo Bi Hindu alipozungumza, kwa sauti yake ya chini. "Na ile picha ya watu wakila, yule mtoto ala kwa mkono wa kushoto. Na baba mtu amempa mgeni mgongo."

Bi Jeruto akaacha kukuna. "Picha gani?"

"Ya juzi. Uliyosema mashine imewachorea wadogo."

"Ile sikuweka kosa lolote."

"Limo."

"Na ratiba yako ya michezo," akasema Bwana Fawaz, akiinamia nazi yake kana kwamba aliona haya kwa niaba yake. "Umewapeleka wana wetu mpirani Ijumaa, wakati wa sala."

"Na yule mtoto wa Faza wa kwenye hadithi," akadakia Hamdu, "aliyeamka akakumbatia jiko la makaa kwa baridi ya Januari. Januari hapa hata shuka hatujifuniki."

Bi Jeruto aliweka kifuu chini. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viganjani. "Hayo sikuyajua," akasema. "Hayo ni ya mashine yenyewe. Nimeyaonyesha kila kituo, na mimi mwenyewe sikuyaona."

"Sasa wayajua," nikamwambia.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaona."

"Twaona tangu juzi."

Alijipangusa vidole kimoja kimoja. Nilidhani tumemaliza, nikaanza hata kumshukuru Mungu moyoni. Lakini alipoinua uso alikuwa na swali lake lile lile.

"Mimi mmenikosoa kwa sababu mmenipa kazi. Mashine haitawakunia nazi. Nataka kuona darasa, Mwalimu. Wewe, watoto wako, na kishikwambi. Sasa hivi, kabla hujajiandaa."

"Twende," nikasema. Katika lile fungu la nazi Hamdu alikuwa ameleta moja ya kijani, eti Bi Jeruto akichoka apasuliwe anywe. Nikaichukua.

Gredi ya sita walisimama wakaamkia. Bi Jeruto na Bwana Fawaz wakakaa nyuma. Nilitangaza somo, matunda na mbegu, nikaliweka lile tunda mezani na kuelekeza kishikwambi. Nikauliza ni nini.

"Hili ni dafu," ikasema ile sauti. "Ndani yake mna maji mengi matamu na nyama laini."

Nililitazama vizuri mbele ya wote, huku na huku, ili Bi Jeruto aone kwamba siimezi tu. Lilikuwa kijani, nyororo, linang'aa. "Tusikubali kitu kwa kuambiwa," nikawaambia watoto, na nilijisikia fahari kusema hivyo. "Mimi nimelikagua kwa macho yangu. Mashine imesema kweli. Ni dafu. Lipitisheni mlione."

Likapita mkono kwa mkono hadi kwa Israa. Yeye alilichukua kwa mikono miwili, akalipeleka sikioni, akalitikisa. Akalitikisa tena. Akainua mkono.

"Mwalimu, hili si dafu. Ni koroma. Mai yake yalia."

Dafu limejaa pomoni, ukilitikisa halisemi kitu. Nyama ikianza kukomaa maji hupungua, nayo hupata sauti. Limepita kunywewa, na bado halijafika kukunwa. Hilo nalijua tangu kabla sijajua alifu. Lakini siku ile nilitumia macho tu, kwa kuwa mashine ilitumia macho tu.

Watoto wakanigeukia. Kwangu mimi mwanafunzi hamwambii mwalimu kwamba amekosea, sembuse mbele ya wageni. Nimewafundisha hivyo na nimewafundisha vizuri. Hasira zilinipanda, sitasema uongo. Mtoto niliyekuwa nikimpigania ndiye aliyekuwa akinivua nguo mbele ya mtu mwenye kalamu ya kutuhukumu. Neno lilikuwa ulimini tayari: Israa, keti.

Ndipo nikaona. Hadia, aliyekaa pamoja naye, mtoto mzuri mwenye adabu zake, alikuwa ameupeleka mkono chini ya dawati. Alimfinya pale pale, juu ya kiwiko. Israa akakunja uso, na ule mkono aliouinua ukaanza kushuka.

"Hadia," nikasema. "Mwachilie."

Akamwachilia, ameshtuka.

"Israa, endelea."

"Dafu halilii, Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Hili lalia."

"Basi iambie mashine."

Nilimpelekea kishikwambi. Akakisogelea mdomo. "Umekosa. Hili ni koroma."

"Samahani, umesema kweli," ikajibu mara moja. "Hili ni koroma. Asante kwa kunirekebisha."

Watoto wakapiga makofi. Bwana Fawaz naye akapiga. Mimi pia nilikuwa nimeinua mikono, maana niliona tumeshinda. Israa hakupiga. Alikuwa amekunja nyusi vile vile kama anaposikia hesabu isiyotoka sawa.

"Imejuaje?" akauliza.

"Imejuaje nini?"

"Mimi nimelitikisa. Yenyewe haikulitikisa. Imejuaje kuwa nimesema kweli?" Kisha kitu kikamchezea mdomoni, akakisogelea tena. "Umekosa tena. Hili ni embe."

"Samahani, umesema kweli. Hili ni embe. Asante kwa kunirekebisha."

Darasa likaangua kicheko mpaka watoto wa chumba cha pili wakaja dirishani. Bwana Fawaz alivua kofia akajifutia macho. Bi Jeruto alijiziba uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Nami nilicheka, kisha kicheko kikanikwama, kwa sababu sauti ile niliijua. Ndiyo sauti tuliyoisemea sisi siku mbili nzima. Zuri, mashaallah. Zuri sana. Ile mashine ilikuwa na adabu za Faza. Ingekubaliana na yeyote, mwenyeji au mgeni, ili pasiwe na maneno, na ingemwacha mtoto na koroma mkononi akiliita embe.

"Mwalimu Hamdu!" nikaita nje. "Lete panga."

Alilipasua mezani mbele yao. Nyama ilikuwa nene imeshikamana, na maji yalikuwa nusu. Nilichukua kipande nikakiweka vidoleni mwa Israa, akakigusa kwa ukucha, akatabasamu.

"Israa amesema kweli," nikawaambia. Maneno yaliyofuata yalikuwa mazito, lakini yalitoka. "Mimi na mashine tumekosea. Mimi nimekosea kwa kutolitikisa. Yenyewe imekosea mara tatu, na ile ya pili, ilipokubali haraka bila kujua, ndiyo mbaya, kwa sababu mmeipigia makofi."

Wakati wa chakula tulimpa Bi Jeruto wali wa nazi alizozikuna, na tui lilikuwa la kijivu. Bi Hindu alimwambia ni la kijivu, naye akasema analiona, akala sahani mbili. Alasiri tulimsindikiza gatini, na masanduku hayakuwa mabegani mwa wapagazi. Yalikuwa yamebaki kwenye kabati la Bwana Fawaz, na ufunguo ninao mimi.

"Nilikuja na makosa matatu," akaniambia kabla ya kushuka botini. "Narudi nayo kibao. Ripoti nitaiandika hivyo hivyo."

"Andika na gari," nikamwambia. Akacheka, akaushika ukingo kwa mikono miwili.

Mwisho wa muhula ulipokaribia, Bwana Dawud alikuja kumchukua Israa. Nilikuwa ndani nasahihisha, dirisha liko wazi, nikawasikia barazani. Mtoto alikuwa akisikiliza somo la historia, na baba yake alisimama kimya mpaka likaisha.

"Yote yasemayo ni kweli?" akauliza.

"Si yote, Baba."

"Wayuaje yaliyo kweli?"

"Namuuliza Mwalimu."

"Na Mwalimu, yote asemayo ni kweli?"

Nikaacha kuandika.

"Naye si yote," akasema Israa.

Mkono wangu uliinuka wenyewe, kucha tayari. Niliuficha ndani ya buibui nikautuliza hapo. Bwana Dawud alicheka kidogo, akamshika mwanawe mkono waende nyumbani.

"Basi muhula uyao keti hapo hapo mbele," akamwambia, "uwasikize vyema wote wawili."